Kuchagua Rekodi ya Jazi ya Waimbaji Wawili: Ella na Louis, Sarah na Billy, Ray na Betty

Anayetaka kununua rekodi moja tu ya jazi iliyoimbwa na waimbaji wawili hukabiliwa na tatizo la wingi. Majina yaleyale ya nyimbo yamechapwa kwenye makumi ya majalada, picha zilezile za Ella Fitzgerald na Louis Armstrong zinarudiwa kwa rangi tofauti, na bei zinapishana bila sababu ambayo macho yanaweza kuiona. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu huyo, awe ananunua santuri, CD, au anataka tu kujua asikilize nini kwanza kwenye simu yake. Nitaziweka rekodi tatu bega kwa bega, za mwaka 1956, 1957 na 1961, kisha nitaeleza mahali pa mikusanyiko ya nyimbo kutoka rekodi mbalimbali, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi hupotezea fedha zao.

Kabla ya hapo, neno lenyewe, jazi, linahitaji ufafanuzi. Kwetu Afrika Mashariki neno hili lilikaa kwanza kwenye majina ya bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, na huko Kongo OK Jazz, ambayo ilianzishwa Léopoldville mwaka 1956. Bendi hizo zilipiga zaidi rumba na mitindo ya dansi ya hapa kwetu. Jazi ninayoizungumzia ni ile iliyozaliwa na Wamarekani Weusi, na ndani yake nazungumzia tawi dogo tu, yaani uimbaji wa watu wawili wa nyimbo kongwe zilizotungwa kwa ajili ya majukwaa ya Broadway, New York, na filamu za Hollywood, nyingi kati ya miaka ya 1920 na 1950. Wingi wa nyimbo hizo umejengwa kwa umbo moja: vipimo 32, yaani vipande vifupi vya mapigo vinavyolingana, vilivyogawanywa katika sehemu nne za vipimo vinane, ambapo sehemu ya kwanza, ya pili na ya nne hufanana kwa mahadhi, na ya tatu hugeuka na kwenda kwingine kabla ya kurudi nyumbani. Umbo hilo ni zawadi kwa waimbaji wawili. Mmoja anaweza kutanguliza sehemu mbili za mwanzo, mwenzake akachukua ile inayogeuka, kisha wakakutana mwishoni. Au mmoja akaimba wimbo mzima na mwenzake akaurudia kwa namna nyingine kabisa.

Aliyewahi kusimama mbele ya darasa kughani ngonjera anaijua vizuri tofauti ninayoitafuta katika rekodi hizi. Wapo wawili wanaojibizana kwelikweli, ambao neno la mmoja linabadilisha namna mwenzake atakavyosema neno linalofuata. Na wapo wawili wanaosubiri zamu tu, kila mmoja akiwa amekariri beti zake, ambao hata ungemwondoa mmoja, mwingine angeendelea vilevile. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza katika ulinganisho huu, na nakiweka mbele ya uzuri wa sauti, kwa kuwa waimbaji wote sita waliotajwa kwenye kichwa cha makala hii wana sauti ambazo hakuna haja ya kuzitetea.

Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, 1956

Albamu hii inaitwa kwa urahisi Ella and Louis, na ilitolewa na Verve, kampuni ambayo mtayarishaji Norman Granz alikuwa ameianzisha muda mfupi kabla. Nyimbo zake zote 11 zilirekodiwa siku moja, tarehe 16 Agosti 1956, mjini Hollywood, siku iliyofuata tamasha ambalo wote wawili walitumbuiza katika ukumbi wa wazi wa Hollywood Bowl. Granz hakuwawekea okestra. Aliwapa watatu wa Oscar Peterson, yaani Peterson mwenyewe kwenye piano, Herb Ellis kwenye gita na Ray Brown kwenye besi, akamwongeza Buddy Rich kwenye dramu. Rich alijulikana kwa nguvu na kasi, lakini humu anapiga kwa utulivu ambao ungedhani ni mtu mwingine.

Uamuzi huo wa kutumia wapigaji wanne tu ndio uliofanya albamu hii iwe ilivyo. Kwa kuwa hakuna okestra ya kusubiriwa, waimbaji wako huru kuchelewa, kuvuta neno, kuingiza mguno au kucheka kidogo, na wapigaji wanawafuata. Armstrong alikuwa ametimiza miaka 55 wiki mbili hivi kabla ya siku hiyo, na sauti yake ya mikwaruzo ilikuwa imefikia mahali ambapo kila neno linatoka kama limesuguliwa juu ya jiwe. Ella alikuwa na miaka 39, na mwaka huohuo alikuwa amekwisha kurekodi mkusanyiko wake mkubwa wa nyimbo za mtunzi Cole Porter. Sauti yake ni safi, haina tone la mchanga. Ukiwasikia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani kwamba sauti hizo haziwezi kukaa pamoja, na baada ya wimbo mmoja unaelewa kwamba tofauti hiyo ndiyo inayowasaidia, kwa kuwa hakuna wakati hata mmoja ambao msikilizaji atachanganya nani anaimba nini, hata wanapoimba kwa pamoja.

Sikiliza wimbo wa kwanza, Can't We Be Friends?. Ella anaanza kwa malalamiko ya mtu aliyedhani amepata mpenzi, kumbe anaambiwa wabaki marafiki. Anapomaliza, Armstrong anaingia na malalamiko yaleyale, lakini kwa upande wa mwanamume, na kwa sauti inayoonyesha kwamba amemsikia. Hajaimba beti lake, amemjibu. Kisha wanapofika mwishoni, Ella anashika mstari na Armstrong anajaza nafasi zilizobaki kwa maneno mafupi na silabi zisizo na maana, mtindo ambao yeye mwenyewe alikuwa ameutangaza tangu mwaka 1926 kwa rekodi yake ya Heebie Jeebies. Hakuna anayemfunika mwenzake.

Wimbo mwingine ambao msomaji aliyelelewa kwenye vina na mizani atapenda kuuchunguza ni Moonlight in Vermont. Wimbo huu hauna vina hata kidogo. Mistari yake inataja vitu tu: senti kwenye kijito, majani yanayoanguka, theluji, nyaya za simu kando ya barabara, na mwanga wa mwezi. Pasipo vina vya kuuziba mstari, mwimbaji anabaki na jukumu zito la kuufunga kwa pumzi na kwa mahadhi, na hapo ndipo utakapoona Ella alivyokuwa fundi. Mistari mirefu anaipeleka hadi mwisho bila kuonekana ametafuta hewa. Armstrong yeye anaivunja katika vipande, na tarumbeta lake linakuja kumalizia yale ambayo sauti imeyaacha. Huo ni ubora ambao rekodi nyingine mbili hazina: humu kuna sauti ya tatu, tarumbeta, inayotoka kinywani mwa mmoja wa waimbaji wenyewe.

Nina lawama moja tu kwa albamu hii, nayo ni kwamba mwendo wake haubadiliki sana. Nyimbo nyingi ni za taratibu au za mwendo wa wastani, na anayetaka muziki wa kumwinua kitini atafika wimbo wa saba akiwa ameridhika lakini akitamani kitu chenye kasi.

Sarah Vaughan na Billy Eckstine, 1957

Wawili hawa walijuana kabla ya umaarufu. Sarah Vaughan alishinda shindano la waimbaji wapya katika ukumbi wa Apollo, Harlem, mwaka 1942, na mwaka uliofuata akaingia katika bendi ya Earl Hines, ambako Eckstine alikuwa mwimbaji. Eckstine alipounda bendi yake mwenyewe mwaka 1944, Sarah alimfuata. Kwa hiyo walipoingia studio kwa ajili ya kampuni ya Mercury kurekodi nyimbo za mtunzi mmoja tu, Irving Berlin, walikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kufahamiana nyuma yao.

Uzuri wa rekodi hii kwa mtu anayelinganisha ni kwamba nyimbo zake mbili, Cheek to Cheek na Isn't This a Lovely Day, zimo pia kwenye albamu ya Ella na Louis. Zote mbili Berlin alizitunga kwa ajili ya filamu ileile ya mwaka 1935, Top Hat. Nashauri usikilize wimbo mmoja mara mbili mfululizo, toleo moja baada ya jingine, kabla ya kununua chochote. Katika Isn't This a Lovely Day, Ella anaanza na utangulizi unaozungumzia hali mbaya ya hewa, ngurumo na radi, akiwa karibu anaongea, na gita na piano vinaweka sauti ndogondogo chini yake. Unamwona mtu aliyesimama chini ya paa akiitazama mvua. Kwa Sarah na Billy kuna okestra iliyopangwa na Hal Mooney, na okestra hiyo ndiyo inayoamua ni lini waimbaji waingie na lini watoke. Matokeo ni mazuri kwa sikio, laini kama hariri iliyopigwa pasi, lakini nafasi ya kushtukizana imepungua.

Tofauti nyingine ni ya sauti zenyewe. Eckstine ana sauti nzito, ya duara, yenye mtetemo mpana, na Sarah naye ana sauti pana inayoweza kushuka chini sana kwa mwanamke na kupanda juu pasipo kuonyesha ngazi alizopitia. Ni sauti mbili za aina moja. Wanapoimba kwa pamoja, moja juu na nyingine chini, zinaungana kiasi cha kufanana na ala moja, jambo ambalo Ella na Louis hawakuwahi kulifanya wala hawakulihitaji. Anayetoka katika malezi ya kwaya, aliyezoea kusikiliza namna sauti ya kwanza na ya nne zinavyofungana, nadhani atavutwa zaidi na Sarah na Billy kuliko na wengine wote. Kwangu mimi, kwa kipimo nilichokiweka mwanzoni, wanapungukiwa: kwa sehemu kubwa wanaimba pamoja vizuri kuliko wanavyojibizana. Lakini kama unataka rekodi ya kuweka nyumbani wakati wa chakula cha jioni na wageni, yenye mahadhi yaliyo wazi na mwendo usiosumbua mazungumzo, hii inaifaa kazi hiyo kuliko zote.

Ray Charles na Betty Carter, 1961

Rekodi hii ya kampuni ya ABC-Paramount, iliyopangwa na Marty Paich, ndiyo yenye mgawanyiko mkubwa zaidi ndani yake. Katika baadhi ya nyimbo kuna fidla nyingi na kwaya nyuma, na katika nyingine kuna ala za kupuliza zinazofoka. Kwaya hiyo ndiyo inayonifanya nisite kuipa rekodi hii nafasi ya kwanza. Inaingia mahali ambapo watu wawili wanasemezana jambo la siri, na ghafla unahisi kwamba kuna umati umesimama nyuma ya pazia ukiwasikiliza.

Hata hivyo, pale kwaya inapokaa kimya, hakuna rekodi nyingine inayojibizana kwa ukali kama hii. Betty Carter, aliyekulia Detroit, ana sauti nyembamba kidogo inayopinda, inayofika kwenye noti kwa kuizungukia badala ya kuipiga usoni. Ray Charles analeta mguno wa kanisani na wa bluzi. Katika Ev'ry Time We Say Goodbye wanaliimba neno la kwaheri kwa utaratibu unaouma, mmoja akikaa nyuma kidogo ya mwenzake, kama mtu anayeshika mkono wa anayeondoka.

Wimbo uliojulikana zaidi humu ni Baby, It's Cold Outside, ambao Frank Loesser aliutunga mwaka 1944 ili auimbe na mke wake mbele ya marafiki, na ambao baadaye ulishinda tuzo ya Oscar baada ya kutumika katika filamu ya mwaka 1949. Huu ndio wimbo ulio karibu zaidi na ngonjera kati ya zote ninazozitaja hapa. Mgeni anasema lazima aende, mwenyeji anasema nje kuna baridi. Mgeni anamtaja mama yake atakayehangaika, mwenyeji anamshika mikono na kusema imekuwa barafu. Mistari haisubiriani. Jibu linaanza kabla swali halijaisha, na waimbaji wasiosikilizana watagongana tangu mstari wa pili. Loesser katika maandishi yake aliita sehemu moja panya na nyingine mbwa mwitu, na majina hayo yanaeleza kwa nini wasikilizaji wengi wa leo hawaufurahii ushawishi wa mwenyeji. Mwaka 2018 baadhi ya vituo vya redio viliacha kuupiga. Mimi naamini wasiwasi huo una msingi, na pia naamini kwamba Betty Carter anaimba sehemu yake kama mtu anayejua kabisa anachokitaka. Msikilizaji asikilize mwenyewe na aamue. Wimbo huohuo Ella aliurekodi na Louis Jordan mwaka 1949, kwa utani mwingi zaidi, na toleo hilo hujitokeza mara nyingi katika mikusanyiko.

Albamu nzima au mkusanyiko?

Ella na Louis walirudi studio mwaka 1957 na kutoa Ella and Louis Again, safari hii Louie Bellson akiwa kwenye dramu. Ina nyimbo 19, lakini mnunuzi ajue kwamba 7 kati ya hizo zimeimbwa na mtu mmoja: nne ni za Armstrong peke yake na tatu za Ella. Zimo zilizo nzuri mno. Armstrong anaimba Let's Do It kwa zaidi ya dakika 8, akipitia beti moja baada ya nyingine kama mzee anayesimulia hadithi ambayo hana haraka ya kuimaliza. Lakini kama lengo lako ni nyimbo za wawili, umenunua 12. Mwaka huohuo wakarekodi pia Porgy and Bess, nyimbo za opera ya George Gershwin ya mwaka 1935, na okestra kubwa iliyopangwa na Russell Garcia. Wawili hao wanagawana nafasi za wahusika wengi, na Ella anaimba hata wito wa wachuuzi wa mtaani. Ni kazi yenye heshima kubwa, na Summertime yao ni ya kusikilizwa ukiwa umekaa chini, ila inakudai uijue hadithi, na sehemu kubwa yake si mazungumzo ya watu wawili.

Albamu hizo tatu za Ella na Louis ziliunganishwa mwaka 1997 katika mkusanyiko mmoja wa CD tatu, wenye rekodi kamili za wawili hao kwa Verve, pamoja na nyimbo walizoimba pale Hollywood Bowl usiku wa kuamkia siku ya kurekodi albamu ya kwanza. Huu ndio mkusanyiko pekee ninaoweza kumshauri mtu aununue bila masharti, kwa kuwa haujakata wala kuchanganya. Kilichomo ndani kimefuata utaratibu wake, na mnunuzi anajua ni nani anapiga nini. Hata hivyo si lazima uanze nao. Mtu anayeanza akipewa CD tatu kwa mpigo mara nyingi husikiliza ya kwanza mara kumi, ya pili mara mbili, na ya tatu huigusa siku ya kwanza tu.

Mikusanyiko ya aina nyingine inahitaji macho makali. Nilipoanza kupenda muziki huu nilinunua CD moja yenye nyimbo 20, jalada lake likiwa na picha ya Ella na Louis wakicheka na majina yao mawili kwa herufi kubwa. Nyumbani nilikuta kwamba waliimba pamoja nyimbo sita tu. Nyingine zilikuwa za Ella peke yake au za Armstrong na bendi yake, na nyuma ya jalada hapakuwa na mwaka wala jina la mpigaji hata mmoja. Sauti nayo ilikuwa ikiruka: wimbo mmoja uko karibu na sikio, unaofuata uko mbali kama unatoka chumba cha pili, kwa sababu rekodi za mwaka 1946 zilikuwa zimewekwa katikati ya zile za mwaka 1956. Sikuelewa wakati huo kwa nini muziki wenyewe ulikuwa mzuri lakini CD ile ilinichosha.

Baadaye nikaelewa sababu ya kuwapo kwa mikusanyiko mingi ya namna hiyo. Katika Umoja wa Ulaya, ulinzi wa kisheria wa rekodi ulikuwa wa miaka 50 kabla ya kuongezwa hadi 70 mwaka 2013, na rekodi ambazo muda wake ulikuwa umekwisha kufikia wakati huo hazikurudishwa chini ya ulinzi. Kwa sababu hiyo, rekodi zilizotolewa kabla ya mwaka 1963, zikiwamo zote tatu za ulinganisho huu, zinaweza kuchapishwa huko na yeyote bila kulipia haki za rekodi yenyewe. Wapo wachapishaji wanaofanya kazi hiyo kwa uangalifu, wakataja tarehe, studio na wapigaji. Wapo pia wanaokusanya tu chochote chenye jina maarufu. Kipimo cha haraka ni kugeuza jalada. Pasipo mwaka wa kurekodiwa na majina ya wapigaji, nakushauri urudishe CD hiyo rafuni.

Nisiache kutaja kwamba kuna rekodi za zamani za Ella na Louis ambazo mkusanyiko wa Verve hauna, nyimbo nane walizorekodi kwa kampuni ya Decca kati ya mwaka 1946 na 1951, ikiwamo Dream a Little Dream of Me ya mwaka 1950. Hizo zilitolewa mbilimbili kwenye santuri ndogo, kwa hiyo kwa hizo mkusanyiko ndio njia halali na ya kawaida ya kuzipata, na hapo sina neno. Ni tofauti na kuichana albamu ambayo ilifikiriwa kama kitu kimoja.

Wawili wengine watatajwa kwa ufupi. Dinah Washington na Brook Benton walitoa The Two of Us mwaka 1960, na humo nyimbo za pamoja ni chache kuliko jina linavyoahidi, lakini Baby (You've Got What It Takes) inatosha kuitafuta: Benton anaingia mahali pasipo pake, Dinah anamwambia papo hapo kwamba ameingia tena kwenye nafasi ya Dinah, na kosa hilo likaachwa kwenye rekodi na kuupendezesha wimbo. Ni karibu zaidi na muziki wa dansi wa wakati huo kuliko jazi. Carmen McRae na Betty Carter waliimba pamoja San Francisco mwaka 1987, wanawake wawili mbele ya hadhira, wakikatizana na kuchokozana kwa upendo, na yeyote anayedhani kwamba nyimbo za wawili lazima ziwe za mwanamume na mwanamke ataisikiliza rekodi yao na kubadili mawazo.

Basi, kwa anayechagua. Kama ni rekodi moja tu na ya kwanza, chagua Ella and Louis ya mwaka 1956, albamu nzima, nyimbo 11 kwa mpangilio wake. Naisema bila kusita, na sababu yangu ni ileile: humu wawili wanajibizana kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na wapigaji wanne wanawapa nafasi ya kufanya hivyo. Kama sikio lako linapenda sauti kuungana na okestra kuwabeba waimbaji, na kama mtunzi mmoja wa nyimbo zote ni jambo linalokuvutia, anza na Sarah na Billy. Kama unapenda bluzi, na unaweza kuvumilia kwaya isiyoombwa, Ray na Betty watakupa hisia kali kuliko wote, ingawa si kwa usawa katika kila wimbo. Anayemnunulia zawadi mzee aliyekuwa kijana miaka ya 1960 huko Kongo afikirie pia jina la Armstrong lenyewe, kwa kuwa alipiga Léopoldville mwishoni mwa Oktoba 1960 na mwezi uliofuata akafika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na huenda kuna kumbukumbu ambayo santuri itaiamsha.

Na kama tayari unao mkusanyiko wa bei rahisi, au unasikiliza kwenye simu ambako nyimbo zimetawanyika chini ya majalada mengi, huna haja ya kununua upya. Tengeneza orodha yako mwenyewe kwa utaratibu wa santuri ya awali. Anza na Can't We Be Friends?, kisha Isn't This a Lovely Day, Moonlight in Vermont, They Can't Take That Away from Me, Under a Blanket of Blue na Tenderly. Hapo ndipo msikilizaji wa mwaka 1956 alipoinuka kugeuza santuri. Upande wa pili una A Foggy Day, Stars Fell on Alabama, Cheek to Cheek, The Nearness of You, na mwisho April in Paris. Acha dakika moja ya kimya kati ya upande wa kwanza na wa pili, kama yeye alivyolazimika kufanya, kisha usikilize jinsi A Foggy Day inavyoingia.